Mpandaji akipotea Kilimanjaro tuletee ulichokiona, sio unachohisi

Jamani naombeni tuelewane. Kila mpandaji akichelewa kushuka, sisi wa uokoaji simu zinaanza kuita, na wapigaji wengi hata geti la Marangu hawalijui. Katekwa. Kauliwa na wagumu wake, yaani wapagazi. Kajificha ndugu wale bima. Majini ya mlima.

Nianze na nguo maana hizi ndo zinaleta kelele kuliko zote. Mtu akizidiwa na baridi kabisa, mwishoni mwili unamdanganya, damu inarudi kwenye ngozi anahisi anaungua, basi anavua koti, anavua glavu, wengine mpaka buti, halafu anatambaa anajibana chini ya jiwe. Sisi tukikuta koti huku na buti kule tunajua tumekaribia, ila picha ikivuja tu mtandaoni wameshahukumu kwamba kaporwa. Sasa mwizi gani huyo anayeiba halafu anaacha koti la laki tano?

Ya pili simu. Eti "simu yake imesoma Kenya, kavushwa mpaka". Ndugu yangu, upande wa Rongai, njia ya kaskazini karibu na mpaka, simu inadaka minara ya Kenya ukiwa umekaa zako kwenye hema unakunywa uji.

Kule kileleni, mita 5,895, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya Dar. Ubongo ukianza kuvimba mtu anayumba kama mlevi, anabisha, anamwambia mwongozaji wake niache niko sawa, kidogo tu ukungu umeshuka na yeye kageuza njia anafuata mteremko, na mteremko wa pale unamwingiza korongoni. Hakuna jini hapo.

Utaratibu wetu ni huu. Kila kambi ina daftari, unaandika jina, umri, nchi, kazi, namba ya pasi na jina la mwongozaji, unasaini. Mtu asipoonekana, mwongozaji anaripoti kwa askari wa kambi, askari anaita kwa redio kambi ya juu na ya chini, getini wanakagua kama ameshatoka, ndo timu inaondoka na machela ya tairi moja kuanzia pale alipoonekana mwisho. Kwahiyo ule mchezo wa kumsainia mwenzako kwa sababu amechoka yuko hemani uacheni, tutakuja kumtafuta sehemu ambayo hakufika.

Na sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: ukichapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Nasema *au vyote viwili*. Sitishi mtu, na kuuliza sio kosa, ila kumtaja mgumu fulani kwa jina kwamba ndo muuaji wakati hata mwili haujapatikana, hapo unajitafutia. Halafu mgumu akipotea yeye, mbona sioni hata nadharia moja?

Mwaka 1926 mmisionari Richard Reusch alikuta mzoga wa chui umeganda karibu na kileleni. Karibu miaka 100 watu wanabuni alifuata nini kule, na jibu hakuna mpaka leo. Sawa, chui hana mama anayesoma komenti.

Kama ulikuwa mlimani siku hiyo, tunachotaka ni saa, mahali, na alivaa nini, basi. "Nilimpita juu ya kambi ya Barafu kama saa tisa usiku, kakaa kwenye jiwe, taa yake imezima" inatusaidia kuliko uchambuzi wako wote. Na picha zako za Stella Point, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, jua linachomoza, ziangalie vizuri nyuma yako kuna nani, usizikate wala usizitie filta, tuletee kama zilivyo ili na saa iliyopigwa tuione.