Mafua yamemlaza mzee, chanzo ni virusi, sasa antibiotiki za nini?

Juzi kijana mmoja alinisubiri nje ya wodi amevimba kwa hasira. Baba yake alikuwa siku ya 3 kitandani, influenza, yaani mafua makali ya virusi, ilimletea sepsisi, presha ikashuka na akawekewa oksijeni, na asubuhi hiyo tulikuwa tumesitisha sindano za antibiotiki. Akaniuliza, dada nesi, mnamkatia baba dawa kwa sababu bima imeisha? Nikamwambia twende tukae kwenye benchi. Tulikaa karibu nusu saa, na aliyoniuliza naulizwa na ndugu wa wagonjwa kila msimu wa mafua, ndo maana nayaandika.

Mafua yanaletaje sepsisi? Si mnasema ni wadudu kwenye damu?

Hilo la wadudu kwenye damu ndo linatuchanganya wengi. Sepsisi sio jina la mdudu, ni pale mwili unapopigana na maambukizi mpaka unapitiliza na kuanza kujiumiza wenyewe, figo zinagoma, mapafu yanajaa, presha inaanguka, mgonjwa anaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Kinachoanzisha vita kinaweza kuwa bakteria, malaria, na virusi pia. Influenza inaweza, korona tumeiona wote, na kwa watoto wachanga kuna kirusi kinaitwa RSV.

Kama antibiotiki haiui virusi, mbona siku ya kwanza mlimchoma?

Kwa sababu mgonjwa hafiki akiwa ameandikwa usoni kwamba hivi ni virusi. Mzee aliletwa anahema mara 34 kwa dakika, presha 80 kwa 50, mikono ya baridi, nikimbonyeza ukucha unakuwa mweupe na rangi inachelewa kurudi, zaidi ya sekunde 3 nahesabu. Nyumonia ya bakteria nayo inamleta mtu hivyo hivyo, huwezi kuzitofautisha kwa macho, na kama ni bakteria ukasubiri majibu unaweza kumpoteza. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unasema presha ikiwa imeanguka antibiotiki iingie ndani ya saa 1, ila kama haijaanguka na bado mna mashaka mnaweza kupima kwanza haraka haraka, mradi yasipite masaa 3. Tukamtoa damu ya kuotesha maabara tuone kama ina bakteria, halafu sindano.

Na kuna hofu nyingine ya kweli kabisa, virusi vinaweza kufungua mlango bakteria wakaingia nyuma yake. Influenza ya 1918 iliua mamilioni duniani, na wengi walimalizwa na nyumonia ya bakteria iliyopanda juu ya mapafu yaliyokuwa yameshachubuliwa na virusi, na penisilini ilikuwa bado miaka 10 mbele kugunduliwa. Kwaiyo kuanza mapema kwa mgonjwa mahututi sio kosa, nampongeza daktari aliyekuwa zamu usiku ule.

Sasa mbona mmesitisha?

Kwa sababu tumeshajua. Baada ya masaa 48 mpaka 72 tunakaa na faili upya. Kipimo cha puani kimesema influenza, damu haijaotesha kitu, picha ya kifua haionyeshi nyumonia ya bakteria, presha imepanda yenyewe. Hapo sindano haina kazi tena. Wakati wa korona wengi wetu hatukufika hatua hii ya kusitisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu 2024, waliolazwa na korona wakiwa na bakteria juu yake walikuwa kama asilimia 8 tu, lakini wagonjwa 3 kati ya 4 walipewa antibiotiki, na kwetu Afrika ilifika asilimia 83. Inaniuma kwa sababu na mimi nilikuwa nachoma hizo sindano.

Si angemalizia tu dozi, kuna ubaya gani?

Upo. Antibiotiki kama jentamisini inaweza kuumiza figo, na figo za mzee sepsisi imeshazipiga tayari. Zinaua pia bakteria wazuri wa tumboni, mgonjwa dhaifu anaanza kuharisha. Halafu kuna usugu, bakteria kutosikia tena dawa, mwaka 2019 bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo kama milioni 1.27 duniani. Hata huyu huyu mzee akipata nyumonia ya bakteria mwezi ujao nataka sindano imkute bado inafanya kazi. Ila nisieleweke vibaya, anayesitisha ni daktari mwenye majibu mkononi, ukiandikiwa dozi usiikatishe mwenyewe nyumbani.

Kwaiyo anatibiwa na nini?

Oksijeni, dripu kwa kipimo, dawa ya kupandisha presha ikibidi. Influenza ina dawa yake, oseltamivir, inafaa zaidi ikianza mapema. Kwa korona anayehitaji oksijeni anapewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza mwili unaopigana kupitiliza, ila ya korona usiihamishie kwenye influenza.

Nikimeza azuma, ile antibiotiki ya vidonge, mapema mafua yakianza si nitazuia yote haya?

Hapana. Haizuii virusi, na ukishaimeza damu tutakayootesha inaweza isioteshe kitu hata kama bakteria wapo, tukabaki tunabahatisha. Kuna mama alinifungulia kimfuko cha nailoni, ndani vidonge nusunusu vya rangi tatu tofauti, ndivyo alivyokuwa akimpa mtoto wiki nzima akiamini anamtibu, na mtoto mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi.

Usihesabu vidonge, hesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akihema mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, mpeleke hospitali. Mtu mzima akichanganyikiwa, akikosa mkojo kutwa nzima, midomo ikawa ya bluu au akashindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, usisubiri kukuche.

Nikifika mapokezi niseme nini?

Sema dalili zilianza siku gani na ameshameza dawa gani, hata kama ulinunua bila cheti hakuna atakayekugombeza. Njoo na maganda yake.