Kwa nini foleni ya kitubio haisogei?

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi niliingia kanisani kwetu Busia, upande wa Uganda, saa tisa kamili alasiri, niungame dhambi zangu kwa padri. Mbele yangu kulikuwa na watu 11 kwenye mabenchi mawili ya ukutani. Nikapiga hesabu ya kichuuzi: kila mtu dakika 3, saa tisa na nusu na ushei niko nje, nawahi kurudi dukani kabla wateja wa jioni hawajaanza kuvuka mpaka. Saa kumi kasoro dakika kumi nilikuwa bado nimekalia benchi, na watu 3 mbele yangu. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, rozari mkononi, alichoka kuniona nikipandisha mkono wa shati kutazama saa. Akaninong'oneza, "Mwanangu, Fada si mashine ya pesa."

Jibu lake lilinitosha kwa jioni ile, lakini halikuniacha. Kwa nini laini ya watu 11 inakwenda kama ya watu 30? Na kwa nini Kanisa lenye miaka karibu 2,000 ya uzoefu wa kuungamisha halijapata njia ya kuifupisha?

Kumbe hesabu yangu haikuwa ya kijinga. Padri alianza saa tisa na robo, na watu 7 kati ya 8 waliotangulia walitumia dakika 3 kila mmoja, kama nilivyokisia. Aliyenivuruga ni wa nne, bwana mmoja wa makamo mwenye koti la kijivu: dakika 14. (Ndiyo, nilikuwa nampimia muda. Hilo nalo nililiungama.)

Foleni ina elimu yake. Ilianza mwaka 1909 kule Copenhagen, Denmark, pale Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyeajiriwa na kampuni ya simu, alipotafuta namna ya kukadiria simu zinazoingia kwenye mitambo bila mpangilio. Miaka ya 1930 Felix Pollaczek na Aleksandr Khinchin walionyesha jambo ambalo kila aliyewahi kungoja kitubio analijua mgongoni mwake: muda wa kungoja hautegemei tu wastani wa kumhudumia mtu mmoja, unategemea pia jinsi muda huo unavyopanda na kushuka kutoka mtu hadi mtu.

Chukua mfano. Padri ni mmoja, wastani ni dakika 4 kwa kila mtu, na watu 12 wanafika kila saa, kila mmoja kwa wakati wake. Kama wote wangetumia dakika 4 barabara, ungengoja wastani wa dakika 8. Lakini mmoja akitumia 1, mwingine 3, mwingine 14, hata wastani ukibaki ule ule, kungoja kunaweza kufika dakika 16. Maradufu, na hakuna aliyezembea. Sasa ongeza watu 2 tu, wawe 14 kwa saa. Padri bado anawamudu, kwani uwezo wake ni 15. Ila zile dakika 16 zinakuwa 56. Hicho ndicho kinachotokea wiki za mwisho za Kwaresima: waumini hawaongezeki mara nne, wanaongezeka kidogo tu, lakini wanaongezeka padri akiwa tayari amejaa hadi shingoni.

Dawa yake ni ya ajabu zaidi. Akiletwa padri wa pili, na watu hao 14 wakapanga laini moja inayowahudumia wote wawili, kungoja kunashuka kutoka dakika 56 hadi kama dakika 1. Ndiyo sababu Kwaresima na Majilio parokia jirani hukopeshana mapadri: leo wanakuja kwetu watano, kesho wetu anakwenda kwao. Si heshima ya ugeni tu, ni hisabati.

Tatizo ni kwamba watu hawapangi laini moja. Weka mapadri wawili, mmoja wa hapa na mmoja mgeni, uone. Kwa mgeni laini inafika mlangoni. Kwa paroko wetu wamekaa bibi wawili na mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Mgeni hajui sauti zetu, na kesho hatutakutana naye kwenye mkutano wa jumuiya. Erlang hakuwahi kuliingiza hilo kwenye simu zake.

Wapo wanaouliza: kwa nini padri asisimame mbele, akatuondolea dhambi sote kwa pamoja, tukaenda zetu? Swali hilo Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimelijibu kana kwamba aliyeziandika alikuwa ametoka kwenye hija ya Namugongo. Kanuni ya 960 inasema maungamo ya mtu mmoja mmoja ndiyo njia pekee ya kawaida kwa mwenye dhambi kubwa. Kanuni ya 961 inaruhusu maondoleo ya pamoja katika hatari ya kifo, au katika haja kubwa kweli ambapo watu wangekosa sakramenti kwa muda mrefu bila kosa lao. Kisha inaongeza kwamba wingi wa watu katika sikukuu kubwa au hija, peke yake, hauhesabiki kuwa haja ya namna hiyo. Na hata aliyepewa maondoleo ya pamoja anatakiwa aungame dhambi zake kubwa kwa padri mara apatapo nafasi. Yaani foleni imeahirishwa, haijafutwa. Machi 2020, korona ilipofunga makanisa, Roma ilikumbusha kwamba njia hiyo ya dharura ipo kwa wagonjwa walio hatarini. Simu na intaneti, hapana: mtu na padri lazima wawe mahali pamoja.

Msongamano wa kabla ya Pasaka nao una tarehe ya kuzaliwa. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka, na apokee Komunyo wakati wa Pasaka. Amri inayompa mtu mwaka mzima binadamu huitimiza wiki ya mwisho, sawa na ada za shule. Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika karne za mwanzo mwenye dhambi nzito alitubu hadharani, mara nyingi kwa miezi au miaka, akikaa kando na waumini hadi askofu alipompatanisha, kwa kawaida karibu na Pasaka, na nafasi hiyo ilitolewa mara moja tu maishani. Kuungama faraghani, na kurudia kila unapohitaji, kulienezwa na wamonaki wa Ireland kuanzia karne ya 6. Ukilinganisha na miaka ya kusimama nje ya mlango, saa moja ya benchi ni nafuu.

Hapa kwetu Uganda kuna kungoja kwingine ambako ninakufikiria zaidi. Padri Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walitua Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Novemba 1882, hali ilipochafuka katika himaya ya Kabaka Mutesa, wamisionari wote wa shirika lao wakaondoka kwenda kusini mwa ziwa. Walirudi Julai 1885. Wakristo waliobaki, wakiongozwa na watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, walikaa miaka zaidi ya miwili na nusu bila padri hata mmoja. Waliweza kusali na kufundishana katekisimu, hata kubatizana palipokuwa na hatari ya kifo, lakini kuungama hapakuwa na wa kumwendea. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, miezi minne tu baada ya mapadri kurudi. Mimi nilikuwa nalalamikia bwana wa koti la kijivu.

Turudi kwenye benchi. Sehemu ya kungoja inatokana na saa, na sehemu inatokana na kichwa. Mwaka 1985 David Maister, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kuhusu saikolojia ya foleni. Alisema kungoja huonekana kurefu zaidi pale ambapo huna la kufanya, una wasiwasi, hujui kutaisha lini, hujaelezwa sababu ya kuchelewa, au uko peke yako. Angalia orodha hiyo kisha uangalie foleni ya kitubio: haikosi hata moja. Benki ungepiga soga na jirani, kliniki ungetazama televisheni ya ukutani. Hapa kila mtu ameinama na mzigo wake, na hakuna atakayetoka kutangaza kwa nini namba nne amekawia. Hawezi kutangaza!

Maister aliongeza kwamba kadiri huduma inavyokuwa na thamani kwa mtu, ndivyo anavyokubali kungoja. Nadhani ndiyo maana pale Busia, pamoja na kuguna kwetu kote, hakuna aliyeinuka akaondoka. Kule Ars, Ufaransa, karne ya 19, watu waliwahi kungoja siku kadhaa ili waungame kwa Padri Jean-Marie Vianney, aliyekaa kwenye kiti cha maungamo hadi saa 16 kwa siku. San Giovanni Rotondo nchini Italia, kwa Padre Pio, msongamano ulizidi hadi mwaka 1950 wakaanza kugawa tikiti zenye namba. Wazo hilo nalipenda. Nikilipeleka kwenye baraza la parokia nitachekwa.

Lipo pia lile pengo. Watoto huuliza kwa nini anayefuata hasimami karibu na kiti cha maungamo, akaokoa dakika za kutembea. Wakubwa tunajua ni adabu. Wachache wanajua ni sheria pia. Padri akifichua maungamo ya mtu moja kwa moja, anatengwa na Kanisa papo hapo, bila kungoja hukumu. Lakini kanuni ya 983 haiishii kwa padri: yeyote aliyejua dhambi za mtu kutokana na maungamo, kwa njia yoyote, anafungwa na siri. Basi aliye mbele ya foleni akisikia neno kwa bahati mbaya, kwa kuwa anayeungama ni mzee asiyesikia vizuri na anapaza sauti, neno hilo haliendi sokoni. Kwa hiyo tunaacha hatua kumi, na mama wa kanisa huanzisha wimbo wakati mzee wa namna hiyo anapoingia. Huo ndio ustaarabu.

Kanuni hiyo hiyo inamtaja mkalimani, na hilo kwa Uganda si nadharia. Nenda Namugongo siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, wanapokumbukwa Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto pale mwaka 1886. Mahujaji wanafika kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, wengine wametembea majuma. Mapadri wanaungamisha nje, kwenye viti vya plastiki chini ya miti, na mtu haulizi "padri yupi ana foleni fupi?" bali "yupi anasikia Kiswahili?" Mkongomani wa kambi ya Nakivale, Mluhya wa Kakamega na mimi wa Busia tunajikuta laini moja ndefu, wakati hatua chache kando yupo padri wa Kiganda asiye na mtu. Kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kwa mkalimani, mradi pasiwe na kashfa wala matumizi mabaya, na mkalimani naye hufungwa na siri. Sijamwona hata mmoja aliyekubali. Mtu yuko radhi apigwe jua saa mbili ili aseme mambo yake kwa mdomo wake.

Kati ya kungoja huko, desturi nzuri za benchi ndizo zinazosaidia. Wenye uzoefu huanza kutafiti dhamiri wakiwa njiani, wakifika benchini wanabakiza sala. Mjamzito, mwenye mtoto mgongoni na mzee wa mkongojo hupitishwa bila kuombwa. Anayetaka kueleza mambo marefu ya ndoa au ya shamba la urithi, anamwomba padri miadi siku nyingine. Huyu wa mwisho ndiye anayeiokoa foleni kuliko wote, maana ndiye anayepunguza ule mpando na mshuko wa Pollaczek na Khinchin. Hajui kwamba anafanya hisabati.

Zamu yangu ilifika saa kumi na dakika mbili. Nilikuwa nimejipanga vizuri: mambo manne, sala ya kutubu, malipizi, nje. La tatu likavuta la tano, na la tano sikuwa nimelihesabu kabisa. Nilipotoka nilitazama saa kwa mazoea. Nilikuwa nimekaa dakika 11. Kijana aliyenifuata aliinuka haraka, akateremsha mkono wa shati juu ya saa yake.