Kwa Wewe Usiyelala Mvua Ikinyesha Usiku

Mvua ikianza kugonga mabati saa nane za usiku, nyumba nzima hujigeuza upande wa pili ikaendelea kulala, isipokuwa mtu mmoja. Huyo huketi kitandani akisikiliza. Anawaza mto, anamuwaza jirani aliyejenga bondeni, anawaza hata ng'ombe wa watu asiowajua. Asubuhi akisema hakulala, anaambiwa ana roho ndogo. Mimi ni mshauri nasaha hapa Kisumu, na kila masika watu wa namna hii hunijia wakiwa wamechoka kabisa. Nawaandikia wao, pamoja na wanaoishi nao.

Ndugu yangu, kwanza ujue huumwi. Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuchunguza tabia hii miaka ya 1990. Alieleza kwamba baadhi ya watu huzaliwa na wepesi mkubwa wa kuguswa: sauti, harufu, sura ya mtu aliyenuna, habari mbaya, vyote huwaingia ndani zaidi na kukaa kwa muda mrefu. Yeye alikadiria kuwa ni kama mtu mmoja kati ya watano, na tafiti za baadaye zimetaja hadi asilimia 30. Hakuna daktari atakayekuandikia kuwa huo ni ugonjwa. Uchunguzi wa picha za ubongo uliotolewa 2014 ulionyesha kuwa watu hawa wanapotazama nyuso za wenye furaha au huzuni, sehemu za ubongo zinazohusika na huruma na utambuzi huamka kuliko za wengine.

Tena wepesi huo hauleti maumivu tu. Katika utafiti uliofanywa London na kuchapishwa 2015, wasichana wa shule walifundishwa mbinu za kujikinga na sonona, na waliofaidika hasa ni wale wepesi wa kuguswa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema "jikaze" au "zoea". Mtu huyu hahitaji kufanywa mgumu. Anahitaji kuchagua kinachomwingia, na huruma yake ipewe kazi ya kufanya.

Siwaambii watu kwamba hofu yao haina msingi, kwa sababu inao. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na 2024 maji yakapanda tena, yakaingia katika nyumba na biashara za ufuoni. Masika hayo ya 2024 mafuriko yaliua mamia ya watu nchini. Kabla ya hapo, upande wa kaskazini na mashariki mwa nchi, mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo. Wanasayansi waliochunguza ukame ule walisema mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea uwezekano wa kutokea angalau mara 100. Anayeogopa anaona vizuri. Shida ni kwamba mwili wake unakesha zamu ambayo haina mwisho.

Nichukue mfano wa mama mmoja wa karibu na Ahero. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Kila wingu likitanda juu ya nyumba yake, moyo ulimwenda mbio, akaanza kupandisha magodoro juu ya meza. Nilimuuliza, "Mama, mafuriko ya mwisho yalipoingia, hapa kwenu ilikuwa inanyesha?" Akafikiri kidogo. Haikuwa inanyesha. Mto Nyando hukusanya maji yake katika milima ya Nandi na upande wa Kericho, ukashuka hadi nyanda za Kano na kumwaga ziwani katika Ghuba ya Winam. Mvua ya kuogopwa huwa imenyesha mbali, juu kule. Mama huyu alikuwa akijitesa kwa kutazama anga ambalo halikuwa na habari aliyoitaka.

Tukapanga upya. Ana binamu Muhoroni, juu ya mto. Binamu akiona maji yanavimba, anapiga simu. Mama anafuata pia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Vitambulisho, hati ya shamba na dawa za shinikizo la damu viko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na jamaa wote wanajua watakimbilia shule gani. Hofu haikuisha, lakini sasa usiku ina mipaka: kama simu haijalia, yeye hulala. Anapoamka moyo ukidunda, huweka miguu sakafuni na kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko anayoivuta, kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo, na hata mtoto anaweza kufundishwa.

Simu hiyo hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Kundi la WhatsApp la ukoo likishika moto, video ya watu wanaosombwa na maji inazunguka siku nzima, na mara nyingine ni ya nchi nyingine au ya mwaka mwingine. Kwa mtu mwepesi wa kuguswa, kuiona mara tano si kupata habari mara tano. Mwili unaipokea kama misiba mitano. Zima upakuaji wa video. Mwombe mtu mmoja unayemwamini akuambie kwa maneno yale unayopaswa kujua. Kukataa kutazama hakukufanyi mtu asiyejali.

Jambo linalonisumbua zaidi ni huzuni ambayo haina pa kwenda. Huku kwetu tunazika nyumbani. Nimeketi na mzee aliyeniambia kuwa kaburi la babake liko chini ya maji, na kwamba hajui kama anaruhusiwa kulia, maana baba alishaliliwa. Glenn Albrecht, mwanafalsafa wa Australia, aliandika juu ya huzuni ya watu wa Hunter Valley ambao machimbo ya makaa ya mawe na ukame viliigeuza nchi yao: wanatamani kwao na hawajahama. Mzee wangu hakuhitaji maelezo hayo, ila alitulia aliposikia kwamba kuna watu wa mbali wanaoumia vile vile.

Mtu akifa, sisi tunajua la kufanya. Watu wanakuja, viti vinakodiwa, moto unawashwa, usiku unakeshwa, jina linatajwa na kutajwa tena. Shamba likifa, au kisima, au mti uliokuwa kivuli cha mikutano, hakuna anayekuja na chai. Nadhani tuanze. Wanawe mzee yule walikusanyika ukingoni, wakamtaja babu, wakaeleza nyumba ilikuwa wapi na mwembe ulikuwa wapi, wakaimba, wakala pamoja. Maji hayakurudi nyuma. Lakini mzee aliacha kwenda peke yake alfajiri kuyatazama.

Kuna pia hatia. Vijana wananiambia wanajichukia kwa kupikia makaa au kupanda boda. Mchango wa Kenya yote katika gesi zinazopasha dunia joto ni chini ya asilimia 1. Tunza miti, ndiyo, lakini usibebe mzigo wa viwanda vya mabara mengine mgongoni mwako. Na ukisikia kanisani kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi zako, zungumza na kiongozi wako wa dini uso kwa uso kabla ya kulichukua neno hilo kitandani.

Wengi hufikiri dawa ni kufanya kazi tu: pandeni miti, safisheni mitaro. Kazi inasaidia, lakini Maria Ojala, mwanasaikolojia wa Sweden aliyechunguza namna watoto na vijana wanavyokabili hofu ya mabadiliko ya tabianchi, aliona kuwa watoto walioshughulikia tatizo kwa vitendo walikuwa pia na hisia nzito zaidi. Waliokuwa na nafuu ni walioweza kuona maana ndani yake na kuamini kwamba wengine nao wanashughulika. Basi chagua kazi moja, ndogo, pamoja na watu. Mwenye kuguswa upesi akijiunga na kamati tatu atazimika kabla ya vuli.

Familia zenu zinaweza kusaidia kwa jambo dogo: mtoto akilia kwa sababu ya mto, msimcheke. Mwulizeni anaogopa nini hasa, kisha mwonyesheni mpango wa nyumbani na umpe sehemu yake, kama kubeba tochi.

Lakini kama umepitisha wiki kadhaa bila usingizi, picha za maji zinakurudia mchana, umeacha kula au unaona afadhali ufe, hayo yamepita wepesi wa kuguswa. Nenda kituo cha afya, au piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo. Ukishindwa kuongea, mpe aliye karibu nawe simu aanze yeye.