Je, wajua kwa nini programu ya Android iliyokuwa nzima jana hugoma baada ya kusasishwa?

Mtumiaji anabonyeza kitufe cha "Pakia picha" na hakitokei kitu. Programu haijajifunga, wala kijisanduku cha kuomba ruhusa hakijafunguka. Wiki iliyopita kitufe hicho hicho kilifanya kazi. Msanidi anafungua msimbo wake na kukuta mistari ni ile ile, isipokuwa namba moja aliyoibadilisha: targetSdkVersion, kutoka 32 hadi 33.

Namba hiyo ndiyo inayoiambia Android kwamba programu imeandaliwa kwa kanuni za toleo fulani. Ngazi ya 33 ni Android 13, iliyotoka mwaka 2022. Programu inayolenga 32 au chini yake, hata ikiwa kwenye simu ya Android 13, huendelea kuhudumiwa kwa kanuni za zamani katika mambo mengi. Ukipandisha namba, kanuni mpya zinakushika. Ruhusa ya READ_EXTERNAL_STORAGE, ambayo ilikuwa ikifungua picha, video na sauti zote kwa pamoja, inakuwa haina kazi: ukiiomba, mfumo unaikataa papo hapo bila kumuuliza mwenye simu. Nafasi yake imechukuliwa na tatu, yaani READ_MEDIA_IMAGES, READ_MEDIA_VIDEO na READ_MEDIA_AUDIO. Kubaki na namba ya zamani nako hakuwezekani kwa muda mrefu, kwa sababu Google Play ilidai programu mpya na masasisho yalenge ngazi ya 34 kuanzia tarehe 31 Agosti 2024, na 35 kuanzia 31 Agosti 2025.

Ukiyatazama mabadiliko haya toleo kwa toleo, utaona ruhusa pana ndizo zinazokatwa kila mara. Hadi Android 5, ruhusa zote zilitolewa kwa mkupuo wakati wa kusakinisha: ukubali zote au uiache programu. Android 6.0 ya mwaka 2015 ikaanza kuuliza wakati wa matumizi. Android 11 ya mwaka 2020 ikaleta ruhusa ya mara moja tu, na mtu akikataa ruhusa ile ile mara mbili, kijisanduku hakionekani tena. Hiyo ni sababu nyingine ya kitufe kuwa bubu, na inafaa uichunguze kabla ya kulaumu sasisho. Android 12 ikampa mtumiaji hiari ya kutoa eneo la kukadiria tu, la upana wa kilomita za mraba 3 hivi. Msanidi aliyelenga ngazi ya 31, yaani Android 12, akiomba ACCESS_FINE_LOCATION (eneo kamili) peke yake, bila ACCESS_COARSE_LOCATION (eneo la kukadiria) katika ombi hilo hilo, ombi lake linaweza kupuuzwa na mfumo.

Kuna wakati kosa lilikuwa la mfumo wenyewe. Kabla ya Android 8.0, ukiomba ruhusa moja na kupewa, mfumo ulikupa kimakosa na nyingine zote za kundi lile ulizokuwa umezitaja kwenye faili la manifesti, ambalo huorodhesha ruhusa za programu. Uliomba kusoma hifadhi, ukajikuta unaweza na kuandika. Programu nyingi ziliegemea kosa hilo bila waliozitengeneza kujua. Lilipotengenezwa kwa programu zinazolenga ngazi ya 26, yaani Android 8.0, kuandika faili kukaanza kushindikana. Tiba yake ni rahisi: omba kila ruhusa kwa jina lake. Ya pili katika kundi ambalo mtumiaji amekwisha kulikubali hutolewa bila kuuliza tena.

Turudi kwenye kitufe cha picha. Wengi hukimbilia kubadilisha ruhusa ya zamani kwa zile mpya. Kwa programu inayotaka picha moja ya wasifu au ya kitambulisho, hilo ni kosa, kwa sababu haihitaji ruhusa yoyote. Tumia kichaguzi cha picha cha mfumo kupitia PickVisualMedia: mtumiaji anachagua, nawe unapokea URI, yaani anwani, ya picha hiyo tu. Kwenye simu ambazo hazina kichaguzi hicho, PickVisualMedia hufungua kichaguzi cha faili badala yake. Nakili picha kwenye hifadhi ya programu mara tu unapoipokea, kwani simu ikiwashwa upya URI hiyo haitafunguka, isipokuwa uliita takePersistableUriPermission, inayohifadhi haki ya kuifungua. Kama bado unahitaji ruhusa ya zamani kwa simu za nyuma, iwekee android:maxSdkVersion="32".

Kisha kagua ruhusa ambazo hukuziandika wewe. Maktaba za matangazo, takwimu au malipo, yaani msimbo wa wengine unaouingiza kwenye programu yako, huja na manifesti zao, na wakati wa kujenga programu zote huunganishwa kuwa moja. Katika Android Studio fungua manifesti yako na ubonyeze kichupo cha Merged Manifest. Utaona kila ruhusa na maktaba iliyoileta. Usiyoitaka iondoe kwa tools:node="remove", kisha ujaribu sehemu inayotumia maktaba hiyo.

Ujumbe mfupi wa simu unastahili uangalifu zaidi, hasa huku kwetu ambako miamala ya pesa hufika kwa SMS. Anayesoma SMS zote anasoma mshahara, madeni na ada za shule za mtu. Kama unachotaka ni msimbo wa uthibitisho tu, SMS Retriever, huduma ya Google inayoikabidhi programu yako ujumbe huo mmoja tu, inatosha, tena bila ruhusa. Ujumbe usizidi baiti 140, uishie na alama 11 za utambulisho wa programu yako, na ufike ndani ya dakika 5. Mtego wake ni huu: alama hizo hutokana na ufunguo unaotia saini programu. Google Play ikiitia saini kwa ufunguo wake, alama ulizokokotoa kwenye kompyuta yako hazifanani tena. Majaribio yanapita, lakini walioipakua dukani hawapati msimbo. Zikokotoe kwa cheti cha saini kilichomo kwenye Play Console, ukurasa wa msanidi wa Google Play.

Kwa majaribio, usisakinishe kwa amri ya adb install -g (adb ni zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta), kwani hutoa ruhusa zote na kukuficha vijisanduku. Sakinisha kawaida, fika skrini ya tatu, kisha uandike adb shell pm revoke, jina la kifurushi na android.permission.CAMERA. Kama ruhusa hiyo ilikuwa imetolewa, mfumo unaiua programu hapo hapo. Ifungue tena kutoka orodha ya programu za karibuni: itajaribu kurudi skrini ya tatu, na data uliyoiweka kwenye kumbukumbu tangu skrini ya kwanza haitakuwepo. NullPointerException, yaani kosa la kutumia kitu ambacho hakipo, ikitokea hapo, ndiyo hiyo hiyo inayompata mtumiaji aliyeondoa ruhusa kwenye mipangilio ya simu.