Gari Linachemsha Wakati Gani?

Mteja anapoleta gari na kusema kwamba linachemsha, swali langu la kwanza huwa moja: linachemsha wakati gani? Wengi hushangaa, kwa kuwa walitarajia nifungue boneti na kuanza kuichokonoa rejeta, lakini jibu lao hunipunguzia nusu ya kazi kabla sijashika spana.

Moto unaowaka ndani ya silinda huzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayosukuma gari. Nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na inayobaki, ambayo nayo hukaribia theluthi, sharti ibebwe na maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Gari likichemsha, maana yake ni kwamba mahali fulani katika mzunguko huo joto halitoki haraka kama linavyozalishwa.

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo hunipeleka moja kwa moja kwenye feni, kwa sababu likikimbia upepo hupita wenyewe kwenye rejeta, ilhali likisimama hutegemea feni peke yake. Lile linalotulia kwenye foleni lakini likapandisha geji ya joto mlimani mara nyingi halizungushi maji ya kutosha: rejeta imeziba, au mapanga ya pampu yameliwa na kutu. Linaloongezwa maji kila asubuhi linavuja, na hapo huanza kwa kumulika tochi kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Nikiona alama kavu ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, mfano wa chaki yenye rangi, najua sili ya pampu imechoka hata kama hakuna tone linalodondoka.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa kuliko kifaa chochote kingine. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini mfuniko unaozuia shinikizo la baa 1 huyafanya yasichemke hadi yafike nyuzi 120 hivi. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, akiba hiyo yote hupotea, na mtu huishia kununua rejeta mpya asiyoihitaji.

Kuhusu themostati, vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, nina la kukiri. Nilipokuwa najifunza kazi niliambiwa kwamba gari likichemsha, ing'oe utupe, nami niling'oa nyingi, mpaka gari moja liliporudi mara tatu likiwa na hali mbaya zaidi kila safari. Katika injini nyingi themostati ikifunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 90, huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji haipozwi kabisa. Hata pale ambapo gari halichemshi tena, injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, ikala mafuta na kuchakaa mapema. Siku hizi huitumbukiza themostati kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikaitazama inavyofunguka. Isipofunguka, naweka mpya.

Kinga yenyewe ni kazi ya dakika chache. Kagua kiwango cha kulanti injini ikiwa baridi, tumia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na kama inahitaji kuchanganywa, tumia maji yasiyo na madini, kwa maana maji ya bomba huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta. Usiamini rangi peke yake unapoongeza.

Geji ikianza kupanda safarini, zima kiyoyozi na uwashe hita kwa nguvu zote, kwani hita ni rejeta ndogo ya ziada. Ikizidi kupanda, simama, zima injini, na usiguse mfuniko mpaka kila kitu kipoe. Mshale ukishuka ghafla huku hita ikianza kutoa hewa baridi, usifurahi. Huenda maji yamekwisha na kihisi kimebaki hewani, na silinda hedi ya alumini, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, inaweza kupinda ndani ya dakika chache huku geji ikionyesha kwamba mambo ni shwari.