Matamshi sahihi ya Kijerumani si ya Hannover peke yake

Wengi wanaojifunza Kijerumani huamini kwamba matamshi safi ni ya Hannover, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, na kwamba mtu wa Bavaria, jimbo la kusini, au wa Austria akitamka tofauti amekosea.

Imani hii ina chanzo chake. Zamani wakazi wa kaskazini walizungumza Kijerumani cha Chini, yaani lahaja za nyanda za chini za kaskazini, kilicho mbali na lugha ya vitabuni. Walipojifunza lugha hiyo ya maandishi, walizifuata herufi kwa karibu. Kanuni za matamshi ya jukwaani, yaani ya waigizaji, za mwaka 1898 nazo ziliegemea kaskazini. Ila lugha yenyewe ya maandishi ilikomaa zaidi katikati na kusini, jambo ambalo husahaulika mno.

Chukua zwanzig, yaani 20. Kaskazini huishia na sauti laini kama ya mwisho wa neno ich (mimi), ulimi ukikaribia kaakaa. Kusini, kama München (Bavaria) na Vienna (Austria), utasikia k. Neno China nalo kusini huanza na k.

Ukitaka kuhakikisha, sikiliza taarifa za habari za Ujerumani, Austria na Uswisi, ukifuatilia namba tu. Kisha fungua kamusi nzuri: huonyesha tamko lipi ni la Austria au Uswisi, bila kuliita kosa.