"Kukonda ni kawaida, atanenepa akimaliza": maneno ya wajuaji kuhusu mlo wa mgonjwa wa saratani ya koo

Mjomba wangu alipigwa mionzi ya koo mara 33, Jumatatu mpaka Ijumaa, karibu wiki saba, na mi ndo nilikuwa jikoni. Wajuaji hawakukosekana, kila anayekuja kumjulia hali anakuja na lake. Naandika kwa wenye mgonjwa wa saratani ya mdomo, ulimi au koo saa hizi, maana hawa shida yao sio hamu ya kula tu, njia yenyewe ya chakula ndo inapigwa mionzi.

Baya kuliko yote ni hili: "kukonda ni kawaida, mionzi inakausha, atanenepa akimaliza." Jamani hapana. Mgonjwa anatengenezewa maski ya plastiki yenye matundu matundu, inalainishwa kwenye maji ya moto, anabandikwa usoni, ikipoa inashika sura yake, halafu kila siku anafungwa nayo kwenye kitanda cha mashine ili kichwa kisicheze. Wiki ya nne ya mjomba ikaanza kupwaya, mashavu yameingia ndani mpaka kidole kinapita. Shingo ikicheza mionzi inaweza isitue pale ilipopimiwa, kwa hiyo akapigwa picha upya, maski mpya, mahesabu upya. Na mwingine anadhoofika mpaka anakosa siku za mionzi, na siku zikikatika katikati saratani inapata nafasi. Ndo maana wanapima kilo kila wiki. Ukiona zinashuka usingoje kuulizwa, sema.

"Mbona uji anakunywa?" Hapa hata mi nilidanganyika. Anayetibiwa anahitaji kama kalori 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na protini gramu 1 mpaka 1.5 kwa kilo. Mjomba alikuwa na kilo 60, piga hesabu, kalori 1500 mpaka 1800. Uji wangu wa vijiko viwili vya unga kwa kikombe cha maji ulikuwa na kama kalori 70 tu, yaani angetakiwa anywe vikombe zaidi ya 20 na koo lina vidonda! Afisa lishe akanifundisha: kikombe kile kile, pikia maziwa badala ya maji, vurugia yai moja wakati uji bado unachemka, tia kijiko kikubwa cha mafuta na kimoja cha siagi ya karanga. Unakaribia kalori 500 na kikombe hakijaongezeka. Ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili watu wanaringa nao, nafaka ziwe mbili au ishirini kama umepikia maji matupu bado ni maji.

Ya sukari je? "Saratani inakula sukari, mnyimeni." Ina chanzo chake, Mjerumani Otto Warburg miaka ya 1920 aliona seli za saratani zinatumia sukari kwa wingi. Sasa ukimnyima mgonjwa wanga na sukari, ini linajitengenezea sukari kutoka kwenye protini ya misuli, saratani inapata yake na mgonjwa anabaki mifupa. Mwenye kisukari ni habari nyingine, huyo afuate alivyopangiwa.

Wiki ya tano hata maji yakawa moto kooni, wakasema wamwekee mpira wa puani. Mama mdogo akaangua kilio barazani, "wakishaweka mpira ujue ndo safari." Safari gani, ni njia ya chakula mpaka vidonda vipone! Ikionekana utahitajika zaidi ya mwezi hivi wengine wanawekewa wa tumboni moja kwa moja. Nesi alichora alama ya kalamu kwenye mpira pale unapoingilia puani, akaniambia alama ikisogea usilishe, tupigie. Mgonjwa anakaa wima, na akimaliza asilale hapo hapo. Siku ya pili tu niliuziba kwa supu ya dagaa niliyodhani nimesaga vizuri, tangu hapo kila kitu kilichujwa kwa kitambaa, na maji safi yanapita kabla na baada ya chakula.

Halafu wakaja na "mpira upo, koo lipumzike." Nalo sio, misuli ya kumeza isipotumika inakakamaa, na wengine mpira ukitoka wanakuta kumeza kumegoma. Kama wataalamu wamesema ni salama, aendelee na vimafunda vidogo kila siku na mazoezi aliyopewa. Akipaliwa au akikohoa kila akimeza, acha, daktari ajue, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Siku ya mwisho ya mionzi watu wakaja na pilau, eti kapona. Hawajui kwamba vidonda huwa vinazidi wiki moja mbili baada ya kumaliza, ndo vianze kutulia. Mate na ladha vinachukua miezi, mate mengine hayarudi kama zamani. Mjomba alirudi kwenye chakula cha sahani mwezi na nusu baadaye, ugali laini kwa mlenda, ukateleza wenyewe. Akala matonge manne, akaniangalia, akasema mlenda hauna chumvi. Nilikuwa nimetia.